Kibali cha Kazi Ndogo Mtoni: Mfano wa Kirumba, Mwanza



Swali moja limekuwa likirudi kila mara tunapokutana: mtu akitaka kufanya kazi ndogo mtoni au kandoni mwa mto, kama vile kuchimba mtaro, kuweka bomba, au kujenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, je, yampasa kuomba ruhusa? Wengine huuliza kwa ajili ya mashamba yao hapa visiwani. Wengine huuliza kwa ajili ya watoto na jamaa zao waliokwenda bara kufanya biashara na kununua viwanja huko. Jawabu letu fupi ni kwamba yampasa, isipokuwa kwa mambo machache tutakayoyataja. Jawabu refu ndilo hili lifuatalo.

Tumechagua kulieleza jambo hili kwa mfano wa Kirumba, katika Manispaa ya Ilemela, Mwanza. Kirumba ni mbali sana na mikarafuu yetu, lakini huko mambo yote yamekusanyika mahali pamoja: vilima, vijito, ziwa, nyumba nyingi na watu wanaotafuta riziki ukingoni mwa maji. Aliyeyaelewa ya Kirumba hatapotea akisimama kando ya kijito cha Pemba. Mwishoni tutasema sheria za kwetu zinatofautiana wapi na za bara.

KIRUMBA KULIVYO

Kirumba ipo ufukoni mwa Ziwa Victoria. Hapo ndipo lilipo soko la samaki la Mwaloni, mashuhuri kwa dagaa wanaosafirishwa mikoa mingi na nchi za jirani. Nyuma yake nchi huinuka kuwa vilima vya majabali makubwa, na nyumba zimejengwa katikati ya mawe mpaka juu. Jabali halinywi maji. Mvua ikinyesha, maji hayazami ardhini kama yazamavyo katika udongo wa shamba, bali huteremka mbio katika vijito na mitaro, yakichukua mchanga, takataka na kila kilicholegea, mpaka ziwani. Mto Mirongo, upitao katikati ya jiji la Mwanza, nao humwaga maji yake ziwani si mbali na hapo.

Kwa hiyo kijito cha huko chaweza kuwa kikavu kabisa mwezi wa Agosti hata watoto wakacheza mpira ndani yake, na mwezi wa Aprili kikabeba mawe. Mtu aliyekiona Agosti tu hudhani kwamba ni kiwanja kisicho na mwenyewe. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Ziwa lenyewe nalo halikai mahali pamoja. Baina ya mwaka 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda zaidi ya mita 2. Watu walisahau, wakajenga pale maji yalipokuwa yamefika. Mwezi Mei 2020 maji yalirudi kwenye kimo kile cha 1964, na mwaka 2024 yakakipita. Waliojenga karibu mno na maji walionyeshwa na ziwa lenyewe mpaka wake uko wapi.

KWA NINI KAZI NDOGO SI NDOGO

Mtu aliye na kazi ndogo husema: "Mimi naweka bomba moja tu. Kuna madhara gani?" Tumpe hesabu.

Chukua kalavati yenye upana wa nusu mita, iliyowekwa chini ya njia ili kijito kipite. Jirani ajenga kivuko chake mbele kidogo, na kwa kuokoa fedha atia bomba la robo mita. Yeye hudhani amepunguza nusu. Sivyo. Mdomo wa bomba lile ni robo tu ya mdomo wa kwanza, na maji yapitayo ni pungufu hata ya robo, kwa sababu bomba jembamba huyakwaza maji zaidi. Mvua kubwa ikija, maji yaliyokosa njia hayarudi mbinguni. Hupanda nyuma ya kivuko na kuingia katika nyumba ya mtu mwingine ambaye hakushauriwa wala hakujua. Na kivuko chenyewe kikizidiwa hukatika, maji yaliyokusanyika yakatoka kwa mkupuo mmoja juu ya waliopo chini.

Tuchukue na mchanga. Mtu azoa mchanga katika mkondo, mikokoteni michache kwa siku, auze kwa wajenzi. Kitako cha mto kikishuka, kingo hukosa kitu cha kuegemea na huanza kubomoka, si mahali alipochimba tu bali juu yake pia. Daraja lililojengwa juu ya kitako kile hubaki miguu nje.

Tena wapo samaki. Ningu, samaki wa Ziwa Victoria ambaye wazee wa Kanda ya Ziwa wamjua vizuri, hupanda mitoni kuzaa wakati wa mvua. Sato huzaa kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufuko. Kijito kikizibwa, au matope yakimwagwa pale mayai yalipo, hasara hiyo haionekani siku ile. Huonekana baadaye, mvuvi anapovuta nyavu tupu. Na mafunjo yaotayo ukingoni, ambayo wengi huyafyeka kwa kudhani ni pori tu, ndiyo yanayozuia matope na kuyachuja maji kabla hayajafika ziwani.

Haya ndiyo yaliyo nyuma ya kibali. Kibali si kodi ya kumsumbua maskini. Ni njia ya kumuuliza aliye chini ya mto kabla ya kazi kuanza, badala ya kugombana naye baada ya mvua.

WAZEE WALIKWISHA KUJUA

Wala tusidhani kwamba jambo hili limeletwa na maofisi. Huko Oman, ambako jamaa wengi wa visiwa hivi wana asili yao, maji ya falaji hugawanywa kwa zamu tangu zamani, na kila falaji ina wakili wa kusimamia haki ya kila mtu. Hakuna anayetoboa mfereji kwa kuwa tu unapita mbele ya shamba lake. Kadhalika katika miteremko ya Kilimanjaro, mifereji ya Wachaga ilikuwa na wazee wake wa kupanga zamu na kuwaita watu kwenye kazi ya kusafisha. Lililobadilika ni kwamba zamani watu walikuwa wachache na walijuana. Leo Kirumba aliye juu ya mto hamjui aliye chini, na ndiyo maana ofisi imeshika mahali pa mzee.

SHERIA YA BARA YASEMAJE

Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde ya maji 9, na kila bonde lina bodi yake. Kirumba ipo katika Bonde la Ziwa Victoria, na bodi ya bonde hilo ina makao yake Mwanza. Sheria inayotawala ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, iliyochukua mahali pa sheria ya mwaka 1974. Sheria hii yasema kwamba maji yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo mwenye kiwanja ana haki juu ya kiwanja chake, lakini kijito kipitacho ndani yake si chake. Haja ya kwanza katika kugawa maji ni matumizi ya binadamu, na ya pili ni maji yanayopaswa kubaki mtoni ili mto uendelee kuwa hai. Haja nyingine zote hufuata nyuma ya hizo.

Chini ya sheria hiyo, anayetaka kugeuza mkondo, kuziba, kuhifadhi au kuvuta maji, au kujenga kitu kwa ajili hiyo, ahitaji kibali cha kutumia maji. Anayetaka kumwaga majitaka mtoni au ziwani ahitaji kibali kingine cha kumwaga. Vibali hivi ni viwili, na kimoja hakimalizi haja ya kingine.

Sheria ya pili ni ile ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004. Hii ndiyo yenye habari ya mita 60 ambayo wengi wameisikia. Yakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya maji, ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, au bwawa. Mita 60 ni hatua kama 80 za mtu mzima. Mwenye kiwanja na azipime kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kununua tofali moja, na azipime kutoka ukingo, si kutoka pale maji madogo ya kiangazi yanapopita.

Hapa wengi hukosea. Hudhani kwamba kibali cha maji huondoa mita 60. Hakiondoi. Zipo kazi ambazo kwa asili yake haziwezi kufanywa mbali na maji, kama daraja, gati, bomba la kuvutia maji, au ukuta wa kuzuia ukingo usibomoke. Kazi hizo huombewa, na ofisi huamua. Lakini nyumba, duka, choo na karakana si kazi za mtoni. Hizo zaweza kujengwa mbali, na hapana haja ya kuzilazimisha ukingoni. Mwenye nyumba ya zamani iliyomo ndani ya mita hizo aulize kwanza kabla ya kuongeza chumba.

Kwa kulinganisha, jirani zetu wa Uganda, wanaotumia ziwa hilo hilo, katika kanuni zao za mwaka 2000 waliweka mita 200 kwa ufuko wa Ziwa Victoria. Mita 60 za Tanzania si nyingi.

MAMBO YASIYOHITAJI KIBALI CHA MAJI

Mama anayechota ndoo ya kupikia, kufulia na kuoga nyumbani haombi kibali kwa mtu. Wala anayekinga maji ya mvua kutoka bati lake kwa matumizi ya nyumbani. Kuokota takataka mtoni kwa mikono pia ni wema tu. Lakini tahadhari: "kusafisha mto" kwa kutumia mashine inayochimba kitako na kupanua kingo si kusafisha, ni kuchimba, na huombewa.

OFISI IPI, KWA KAZI IPI

Watu wengi hukata tamaa kwa kuzungushwa. Huenda ofisi moja, wakaambiwa waende nyingine. Kwa kawaida sababu ni kwamba kazi yao ina sehemu mbili. Kwa Kirumba mgawanyo ni huu:

Kuvuta maji kwa pampu, kugeuza au kuzuia mkondo, kuchimba kisima cha mashine, kumwaga majitaka: Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria.

Kujenga jengo lolote, ukuta, kivuko au mtaro wa barabara ya mtaa: Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, kwa wahandisi na maofisa wa mipango miji na mazingira.

Kazi kubwa zaidi, au iliyo ndani ya mita 60: wasimamizi wa mazingira wa taifa. Hao ndio wanaosema kama tathmini ya athari kwa mazingira yatakiwa.

Kuchimba mchanga, kokoto au mawe kwa kuuza: ofisi ya madini, kwa sababu Sheria ya Madini ya mwaka 2010 huvihesabu hivyo kuwa madini ya ujenzi.

Kazi yoyote karibu na mwalo wa wavuvi: afisa uvuvi asikose kuulizwa.

NAMNA YA KUOMBA

Tufanye kwamba ndugu yetu ana biashara ya dagaa karibu na kijito kinachoteremka ziwani. Ataka pampu ndogo ya kuvuta maji ya kuoshea vyombo na sakafu, sakafu ya zege ya kuanikia, na ukuta mfupi wa mawe ili ukingo usimomonyoke. Huyu ana maombi zaidi ya moja: pampu na maji machafu ni ya bodi, sakafu na ukuta ni vya manispaa. Na aende hivi.

Kwanza, aanze na mwenyekiti wa mtaa na afisa mtendaji. Hao ndio wajuao mafuriko yalifika wapi miaka iliyopita na ugomvi wa mipaka uliopo. Barua yao humfungulia mlango wa ofisi za juu.

Pili, apime na kuchora. Mchoro usiwe wa kupendeza, uwe wa kweli: kijito kiko wapi, chatoka wapi kwenda wapi, kiwanja kiko wapi, nyumba za jirani ziko wapi juu na chini, na umbali wa kila kitu kutoka ukingoni kwa mita. Aonyeshe pia alama ya maji ya mvua kubwa ilipofika ukutani au kwenye jabali.

Tatu, aandike kwa hesabu. Asiseme "maji kidogo". Aseme lita ngapi kwa siku, kwa saa ngapi, katika miezi gani. Ndoo ya kawaida ni lita 20. Ndoo 50 kwa siku ni lita 1,000. Ofisa hawezi kuamua juu ya "kidogo", lakini aweza kuamua juu ya lita 1,000.

Nne, aseme maji machafu yataelekea wapi. Hili ndilo jambo ambalo waombaji wengi huliacha, na ndilo linalorudisha maombi yao. Maji ya kuoshea dagaa yana mafuta, magamba na harufu. Yakirudi kijitoni hivi hivi, aliye chini atalalamika, na atakuwa na haki.

Tano, aeleze namna na wakati wa kazi. Mwanza ina mvua za vuli, kwa kawaida kuanzia Oktoba mpaka Disemba, na za masika, Machi mpaka Mei. Kazi ya ukingoni yafaa ifanywe kiangazi, Juni mpaka Septemba, maji yakiwa chini. Aseme udongo utakaochimbwa utawekwa wapi, kwani udongo uliorundikwa ukingoni utakuwa ziwani mvua ya kwanza.

Sita, aambatanishe hati ya kiwanja au mkataba wa kupanga, na aende kwa majirani mwenyewe kabla ofisi haijawatangazia. Wanaoweza kudhurika na maombi ya maji wana haki ya kuleta pingamizi. Jirani aliyeshauriwa kwa adabu hutoa shauri. Jirani aliyesikia kwa tangazo hutoa pingamizi.

Saba, alipe ada panapostahili na kuchukua stakabadhi. Asimpe mtu fedha mkononi njiani kwa ahadi ya kumharakishia. Nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani.

Kisha asubiri. Twajua kwamba kusubiri kuna gharama, na kwamba msimu wa dagaa haumngoji mtu. Lakini gharama ya kutosubiri ni kubwa zaidi. Aliyejenga bila kibali aweza kuamriwa kubomoa kwa fedha zake mwenyewe, na saruji iliyokwisha kukauka hairudi kuwa unga. Amlipe fundi mara mbili, na shauri likifika mahakamani alipe na faini. Mtaji wa mchuuzi mdogo hauwezi kubeba yote hayo.

BAADA YA KUPEWA

Kibali kina masharti, na masharti ndiyo kibali chenyewe. Chaweza kutaja kiasi cha maji, mahali, muda wa kuisha na ada ya kila mwaka. Mtu akipewa lita 1,000 akavuta 3,000, huyo hana kibali. Tena kibali si ahadi kwamba maji yatakuwapo siku zote. Ukame ukija, mgao waweza kupunguzwa. Wala kibali hakimpi mtu ardhi ambayo si yake.

NA KWETU VISIWANI

Sheria mbili tulizozieleza ni za Tanzania Bara. Zanzibar tuna zetu. Mambo ya maji yako chini ya Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na mambo ya mazingira yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Na. 3 ya mwaka 2015, iliyoanzisha ZEMA. Kwa hiyo mwanachama asichukue karatasi ya Mwanza akaipeleka Chake Chake. Mlango wa kwanza kwetu ni sheha wa shehia yako. Naye atakuelekeza mbele.

Lakini somo ni moja. Mkarafuu haupendi maji yaliyotuama mizizini, na mkulima mzuri huchimba mtaro wa kuyatoa. Mtaro ule ukielekezwa moja kwa moja kijitoni, katika mteremko mkali kama ya Pemba, huteremsha udongo wa juu, ulio bora kuliko wote, na kuufukia mpunga wa mtu bondeni. Mwenye mkarafuu amepoteza udongo na mwenye mpunga amepoteza mavuno. Heri mtaro ukate mteremko kwa kimo sawa, uende pole, na kabla ya kufika kijitoni uwe na shimo la kutuliza matope na majani ya kushika ukingo.

Kadhalika wapo wanachama wanaofikiri kukamua mafuta ya makonyo na majani kwa mitambo midogo. Kazi hiyo yahitaji maji mengi ya kupoozea mvuke, na maji hayo hutoka yakiwa ya moto. Anayetaka kuweka mtambo kando ya kijito aulize kwanza habari za kuchota na za kumwaga, kabla hajanunua pipa.

Wazee wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mambo ya mto twaongeza kwamba anayetaka kujenga ukuta na aulize kwanza maji yatapita wapi. Mwanachama mwenye kazi ya namna hii na alete mchoro wake ofisini kwa katibu kabla ya kununua vifaa. Tutausoma pamoja naye na kumwonyesha ni ofisi ipi ya kuanzia.